Paundi Ishirini na Nne

Dada yangu Mize aliuokota mchezo huu
nyuma ya hospitali ya Mkoani,
kwenye ua wanakoanika mashuka,
kwa madaktari wa Kichina waliokuwa wakicheza
baada ya Alasiri, wamevua makoti meupe.
Kinyoya kikaruka ukuta. Akakirudisha.
Kikaruka tena. Akakirudisha
kwa ufagio wa chelewa.
Daktari wa meno alicheka mpaka akakaa chini,
na kesho yake akaja na raketi.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli.
Nyuzi zilipokatika hapakuwa na pa kununua,
si Chake, si Wete; hata Darajani kule Unguja
walinitazama kama naulizia nywele za malaika.
Nikaisuka kwa mshipi wa nguru,
raketi nimeibana kwenye jiriwa,
navuta kwa mkono, napiga kwa kidole, nasikiliza.
"Bado," anasema Mize. "Inalia kama sufuria."
Navuta tena.
"Hapo. Hapo hapo, kaka."
Miaka baadaye, ugenini, mtu mwenye mashine akaipima:
paundi ishirini na nne.

Mpinzani wake wa kwanza alikuwa upepo.
Kinyoya kizima ni uzito wa karafuu kavu hamsini,
nilizihesabu mwenyewe kwenye mizani ya Mjaka.
Basi msimu ulipokwisha na ghala likabaki tupu,
tulichora mistari kwa chokaa sakafuni,
tukatundika wavu wa dagaa,
akapiga ukuta, akapiga ukuta,
mpaka jasho lake likanuka karafuu.
Wasichana wa Kampala walimuuliza
anapaka mafuta gani.

Msikitini mtu mmoja alileta maneno
kuhusu mikono yake kuonekana na watu.
Baba, ambaye hakuwahi kuuona mchezo wenyewe,
alisema: "Mikono hiyo ndiyo iliyonijengea choo,"
akavaa viatu vyake, akatoka.

Mechi thelathini na moja nje ya nchi.
Nasema nchi, lakini ubaoni
herufi zilikuwa za ng'ambo ya mkondo,
na mtangazaji alimwita Meizi,
wenzake wakamtania kwa mahindi safari nzima.
Alishinda nne.
Moja kati ya hizo mpinzani hakutokea.
Mara nyingi ilikuwa ishirini na moja kwa tatu,
ishirini na moja kwa tano, kisha uwanja wa ndege.
"Hizo tatu zangu," aliniandikia,
"nimezitolea jasho kuliko yeye ishirini na moja zake."
Nikamwamini. Namwamini mpaka leo.

Ule usiku wa seti ya tatu, mwenzake alishika simu
akaielekeza uwanjani ili nisikie.
Nilisikia viatu tu, vikilia kama panya mtegoni,
na kinyoya, tap, na pumzi ya mtu.
Ishirini kwa ishirini. Ishirini na moja kwa ishirini.
Halafu kimya.
Nikadhani salio limekwisha.
Nimesimama gizani na spana mkononi,
kumbe kule ng'ambo dada yangu amelala chali sakafuni,
ameshinda, hana nguvu ya kupiga kelele.

Goti likamkatikia Luanda.
Anasema lilitoa sauti ileile ya uzi.

Sasa anapiga picha za mifupa,
hospitali ileile, dirisha linatazama mashuka yaleyale.
Madaktari wamebadilika mara nyingi; hawa wa sasa
wanacheza tenisi ya meza.

Juzi mtoto wa Shaame Kombo, miaka kumi, hana hata ndara,
ameniletea raketi imetoboka kama chekecheo.
Hakuuliza bei. Aliuliza lini.
Nikaibana kwenye jiriwa, nikavuta, nikapiga kwa kidole.
Sikio langu si lile tena.
Nikampigia simu Mize saa yake ya chai,
nikaiweka karibu na nyuzi, nikapiga.

"Bado," akasema, mdomo umejaa boflo.